Mama Taipu Ndani ya Kamba

Pale kampuni ya mizigo walimwita Mama Taipu, na jina hilo lilimkaa hivi kwamba hata mlinzi wa getini hakujua jingine. Alikuwa mpiga taipu wa mwisho. Wenzake walistaafishwa au wakahamishiwa kwenye kompyuta. Yeye alibaki kwa sababu hati za mizigo zilikuwa na nakala nne, na zilitaka mashine inayogonga kwa nguvu mpaka karatasi ya chini ipate herufi. Kazi hiyo alijifunza akiwa msichana, mikono imefunikwa kitambaa ili asichungulie vitufe, mwalimu akipita nyuma na rula. Kosa moja, rula moja. Vidole vyake havikusahau.

Mumewe alikuwa dereva wa kampuni hiyohiyo. Alipofariki, Mama Taipu alibaki katika chumba cha uani cha nyumba ya ukoo, na nyumba sasa ilikuwa mikononi mwa dada wa marehemu. Wifi huyo hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mwanangu anaoa," alimwambia siku moja wakianika nguo. "Chumba chako ndicho kinachomfaa. Ukiwa na kazi, wifi, nitamtafutia kwingine, maana unasaidia humu ndani. Kazi ikiisha, usininunie. Mimi siendeshi nyumba ya wageni."

Siku hizohizo fununu zilizagaa ofisini kwamba chumba cha taipu kinafungwa. Mama Taipu alikosa usingizi, chakula kikawa hakipiti. Ndipo afisa utumishi, binti mcheshi mwenye kucha ndefu, akamjia mwenyewe mezani.

"Mama, mwaka huu sherehe ya wafanyakazi ni kwenye jumba la makumbusho. Wewe una nafasi ya pekee, mkurugenzi mwenyewe kakutaja. Pendeza, halafu uje na mtu mmoja wa nyumbani."

Nafasi ya pekee! Alijua wanamhamishia ofisi ya mkurugenzi, akawe katibu wake. Kwani nini kingine? Angeweza kumchukua rafiki yake wa kanisani akala keki kwa amani. Lakini hapana, akamchukua wifi, ili ashuhudie kwa macho yake na habari ya chumba iishe. Juma zima alijishaua uani, akiazima viatu huku na mkufu kule.

Jumamosi alasiri wakaingia. Meza zenye vitambaa vyeupe zilipangwa katikati ya makabati ya vioo, watu wakinywa soda mbele ya mifupa ya wanyama na vyungu vilivyovunjika. Kwenye meza ya mbele kabisa palikuwa na kibao: Mama Taipu na mgeni wake. Alimtupia wifi jicho. Wifi akajibwaga kitini. Mama Taipu alikuwa anavuta cha kwake pale binti wa utumishi alipomshika kiwiko.

"Njoo huku kwanza, Mama. Ni dakika tu."

Akampeleka kwenye kona iliyozungushiwa kamba nyekundu. Ndani, kati ya mizani ya kale na simu ya kuzungusha, iliwekwa mashine yake. Ileile ya ofisini, yenye herufi "r" iliyolika mguu. Mbele yake wamesimamisha maandishi: "Mashine ya taipu. Ilitumika zamani. Tafadhali usiguse."

Alikuwa ameitumia jana.

"Utawaandikia wageni majina yao kwenye kadi," binti akasema. "Burudani kidogo. Watapenda sana!" Akaifunga kamba nyuma yake kama anayefungia kuku, akaenda zake.

Foleni ikajipanga mara moja. "Haangalii vitufe! Jamani, mwoneni, haangalii!" Simu zikainuliwa. "Mama, cheka kidogo basi." Mhasibu mmoja, ambaye Mama Taipu alimwandikia hati miaka nenda miaka rudi, alimgeukia mwenzake akauliza, "Huyu naye analishwa saa ngapi?" Wakaangua kicheko. Mhasibu akaweka kipande cha keki juu ya mashine, makombo yakaingia kwenye vitufe. Mama Taipu aliyapuliza, akajikaza kisabuni. Hotuba ilikuwa bado. Mkurugenzi akisema neno, wote hawa watafunga midomo.

Kule meza ya mbele wifi alimaliza sahani yake, akaivuta na ya Mama Taipu, chakula kisije kikapoa. Kisha akainuka, akajipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika aliegemea kamba.

"Na mimi niandikie, wifi."

"Jina lako nalijua."

"Langu la nini? Andika la mwanangu na la mchumba wake. Kadi moja. Yakae katikati, yapendeze."

Mama Taipu alimtazama. Nyuma watu walikuwa wanahimiza, mama harakisha. Akaandika, akayaweka katikati sawasawa, kwa sababu hakujua kuandika vibaya.

Mkurugenzi akapanda jukwaani. "Kuanzia mwezi ujao hati zetu zote zitatoka kwenye kompyuta. Mashine hii ya mwisho tunaikabidhi kwa jumba la makumbusho." Makofi. "Na mama yetu naye hatujamsahau!" Mama Taipu akasimama, akanyoosha gauni. "Leo tunampa mkono wa kwaheri. Na Jumamosi moja moja akipenda, aje hapa awaonyeshe wanafunzi zamani tulivyokuwa tunahangaika."

Makofi na vigelegele. Wifi alipiga makofi akiwa ameinua mikono juu ili aonekane.

Wakamwita aje apokee saa ya ukutani. Ndoano ya kamba ilikuwa ngumu, muziki umeshawashwa. "Binti, nifungulie," aliita. Binti alikuwa anacheza. Mwishowe Mama Taipu akainama, akapita chini ya kamba na gauni lake, mkufu wa kuazima ukanasa ukakatika. Hiyo ndiyo picha iliyozunguka ofisi nzima.

Njiani wifi alibeba mfuko wa keki zilizobaki. "Tumekula vizuri, wifi. Mungu akubariki," alisema, na alimaanisha.

Asubuhi Mama Taipu alirudi kutoka bombani na ndoo yake, akakuta kadi imebandikwa kwenye mlango wa chumba chake. Majina mawili, katikati sawasawa, "r" imelika mguu. Ndani kitanda chake kilikuwa kimeshasimamishwa ukutani. Akaweka ndoo chini, akaisoma kadi herufi kwa herufi akitafuta kosa, kama alivyozoea kabla ya kutoa hati. Hakuliona.

"Imetoka safi sana," wifi akasema nyuma yake, ameshika ufagio. "Haya, nipishe nifagie."