Nilivyomzulia Kaka Msiba kwa Mbio za Asubuhi

Jamani, hili jambo nimelificha weee, mpaka nikakuta Mlowo nzima wanalisimulia kuliko mimi mwenyewe, tena wanalisimulia vibaya, huyu anasema nilianguka, yule anasema nilikuwa peku, sasa acheni niseme mwenyewe, kama ni kuaibika niaibike kwa usahihi.

Mimi ni mtu mzima, ualimu nimeshastaafu, wajukuu ninao na presha ninayo. Siku moja kliniki daktari akanipima, akaguna, akaniambia mama, dawa utakunywa, lakini na miguu nayo ifanye kazi yake. Akanieleza taratibu (yule angekuwa mwalimu mzuri sana, alikosea kazi tu) kwamba moyo ni msuli, usipoutumikisha unalegea, kwamba umri ukienda nyama za mapaja zinapungua hata kama unakula vizuri, ndiyo maana tunaanza kuinuka kwenye kigoda kwa kushika ukuta, na kwamba mifupa ikipata mtikisiko kidogo kidogo inakaza. Nikamuuliza na magoti je? Akasema magoti mazima hayaharibiki kwa mbio kama watu wanavyodhani, mradi uanze pole pole. "Ila sharti ni hili," akasema, "kimbia mwendo ambao bado unaweza kuongea. Ukiona huwezi kumjibu mtu salamu, umezidisha, punguza." Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Kuitikia kuna kazi gani?

Binti yangu Tumaini, ambaye ana duka Tunduma, akavuka mpaka kwenda upande wa Zambia akaninunulia raba na traksuti, nyekundu hiyo, ina mistari myeupe pembeni. Ikanishinda. Nani apite na suruali nyekundu mbele ya wazee wa kanisa? Mimi? Basi nikachukua kitenge nikakifunga kiunoni juu ya traksuti, na kingine nikajitanda kichwani kwa sababu ya baridi (na baridi ya Mbozi mnaijua, haina adabu hata kwa wazee). Nikajiona nimeficha aibu, kumbe nimevaa msiba. Maana kwetu mwanamke wa umri wangu hakimbii hovyo, na ukimwona asubuhi na mapema amefunga kitenge kiunoni, amejitanda kingine, anakata mbio barabarani, huulizi, kuna mtu amekufa.

Nilipanga niteremke kutoka kijijini kwetu mpaka Mlowo kwa kaka yangu Esau, ninywe chai, nirudi na bodaboda. Esau ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, wengine wote tumeshawazika, na wiki ile kifua kilikuwa kimembana, kwa hiyo nilitaka pia kumwona.

Nilianza kwa heshima zote, lakini mteremko ukanichukua na mimi nikajisikia msichana, nikaongeza. Kufika kwenye shamba la jirani yangu Mama Neema, nikamkuta anachuma kahawa. "Mama Tumaini! Kwema huko?" Pumzi hakuna. Nikafungua mdomo ukatoka upepo mtupu, nikatikisa kichwa na kupunga mkono, maana yangu ni kwamba siwezi kuongea, tutasalimiana nikirudi. Yeye akaona mtu kaulizwa kwema akatikisa kichwa. Akatupa kikapu, nikamsikia nyuma anapiga ukelele, na mimi (mnicheke tu) nikadhani ananishangilia, nikakaza mwendo.

Mbele kidogo nikageuka, nikaona akina mama wananifuata, watatu, mara watano, mara kundi, wote wamejifunga vitenge, wanahema. Mungu anisamehe, nilifurahi! Nikasema kumbe walikuwa wanangoja mtu wa kuanzisha mazoezi. Nikawapungia mkono waongeze mwendo, na wao wakaongeza.

Tulipokaribia mashine ya kusaga, kijana wa bodaboda akapandisha kutoka Mlowo, akasimama, akavua kofia. "Shikamoo mama. Pole sana. Panda nikuwahishe."

"Pole ya nini, baba?"

"Si ya Mzee Esau? Huko chini wanasema amefariki alfajiri."

Jamani. Habari niliyoitengeneza mwenyewe kwa miguu yangu, na Mama Neema akaijazia jina kwa kuwa alijua Esau anaumwa, ilikuwa imeshapigiwa simu mpaka Mlowo, imezunguka, imerudi, na mimi nikaipokea kama mgeni, nikaiamini yote, maana kile kifua nilikuwa nakijua. Pikipiki ikanipotea machoni kabisa. Nikakimbia. Zile za mwanzo hazikuwa mbio, mbio ni hizi, nakimbia na kulia, na yule kijana pembeni na pikipiki yake, "Panda mama, panda basi," na mimi simsikii.

Uani kwa Esau nilikuta mabenchi yameshapangwa na mtu ameshaleta sufuria lile kubwa la kanisa. Nikajitupa mlangoni, "Kaka yangu weee, umeniacha na nani!" Kundi langu la nyuma likapokea, kilio kikapanda mpaka barabara kuu, madereva wa malori ya Tunduma wanapunguza mwendo.

Ndipo Esau akatokea nyuma ya nyumba, alikokuwa anaoga na redio yake kwa sauti ya juu kama kawaida, taulo begani, sabuni sikioni, mswaki mdomoni. Akatutazama. Akautoa mswaki.

"Nani amekufa?"

Mama Neema ndiye aliyejikaza. "Wewe, Mzee Esau."

"Mimi? Nani kasema?"

Wote wakageuka kwangu. "Mama Tumaini ndiye aliyekuja na habari."

"Mimi nilikuwa nafanya mazoezi!" nikapiga kelele, na ili waniamini nikapandisha kitenge mpaka kiunoni, traksuti nyekundu ikang'aa mbele ya mzee wa kanisa na Mlowo yote. Huo ndio uchi wangu wa kwanza hadharani.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilimshika Esau mkono wenye maji nikawa nalia upya, nalia kwa furaha, nampapasa kifua kama nanunua kuku, wacheke wanavyotaka, kaka yangu mzima! Mabenchi yalikuwepo, sufuria lipo, sukari ya msiba ipo, tukapika chai tukanywa wote.

Tangu siku hiyo nimeapa: nakimbia na traksuti yangu wazi bila kitenge, na nakimbia mwendo wa kumjibu kila mtu salamu, hata akitaka habari za wajukuu mmoja mmoja.

Watu walipotawanyika Esau akaniuliza, taratibu, bila utani, "Lakini ulishaambiwa nimekufa. Sasa ukaongeza mbio unawahi nini?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nawahi kukuta wamenidanganya."

Akanimiminia chai nyingine.