Kabati ya Chuma

Nilitumwa na karakana yetu ya samani kuwauliza watunza maktaba wa Kisangani tuwabunie kitu gani kwa ajili ya wasomaji wao. Nilikuja na michoro ya viti vya watoto na taa za kusomea, nikajiona nimeshamaliza kazi.

Mzee wa maktaba ya mwisho niliyoitembelea, papa kama wanavyomwita huko, hakutazama mchoro hata mmoja. "Bon, unichoree kabati ya chuma, yenye kufunga muzuri."

Wenzake wote walikuwa wameniomba hicho hicho. Nikapandwa na hasira, nikamwuliza: maktaba isiyoazimisha vitabu ni maktaba gani, papa?

Akasema zamani aliazimisha. Kisha siku moja alinunua karanga pale mlangoni, akaona zimefungwa katika ukurasa wenye muhuri wa maktaba yake mwenyewe. Tangu hapo vitabu vilivyobaki viko ndani ya kabati ya mbao, na ufunguo anauvaa shingoni.

"Wezi batarudia," alisema. "Banajua vitabu viko hapa."

Nikaandika: kabati ya chuma.

Nilipotoka nilinunua karanga kwa mama aliyeketi mlangoni. Alinitilia ndani ya kifuko cha plastiki. Nikamwuliza kama siku hizi hafungi tena kwa karatasi za vitabu.

"Ile ilikuwa zamani," akasema. "Leo hakuna mutu anaiba kitabu. Nani atakitaka?"

Nyuma yangu nilisikia papa akivuta kufuli, kuhakikisha imeshika.