Niliwahisha Moto, Lawama Nikamwachia Baba Mkwe

Kosa ni langu. Nalitaja mapema kwa sababu nikianza kueleza mambo ya gari na milima utaanza kunitafutia sababu, na sababu sina. Nilimvunja baba mkwe wangu mkono, halafu nikamwambia kajivunja mwenyewe. Nimekaa na hilo miaka mitatu, nikila kwake, nikimwamkia shikamoo kila Jumapili.

Mimi ni fundi wa magari hapa Lushoto. Sikusomea, nilijifunzia gereji kwa kushika spana za watu mpaka nikanunua zangu. Baba mkwe anakaa njia ya kwenda Rangwi, na kazi yake ilikuwa kubebesha miche ya matunda. Anakata kijiti cha peasi nzuri, anakipachika kwenye mche wa kienyeji, anafunga, na kinashika. Watu walitoka mbali kumfuata. Alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli, ya miaka ambayo mimi sijazaliwa, aliyoshushia matunda yake Mazinde.

Siku moja aliniletea pikapu hiyo, analalamika. "Mwanangu, hii gari imekuwa mzee mwenzangu. Kutoka Mombo kuja Soni inapanda kwa kuomba."

Nilifurahi jamani! Tangu nimwoe binti yake, pikapu ile alikuwa akiipeleka kwa fundi mwingine. Nikasema moyoni, leo mzee atanijua.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Injini ya petroli inategemea cheche ya plagi, na cheche ina wakati wake: itoke pistoni ikiwa inakaribia kufika juu. Ukiiwahisha kidogo, gari linapata nguvu. Ukiiwahisha mno, moto unaikuta pistoni bado iko njiani na kuirudisha ilikotoka. Wakati huo unaupanga kwa kuzungusha distributa, ile inayogawia plagi umeme, na kwenye puli ya mbele, lile gurudumu la mkanda, kuna alama ya kukuonyesha uishie wapi.

Alama ilikuwa imefunikwa na grisi na vumbi. Kuifuta ni kitambaa na dakika moja. Sikuifuta! Nilipanga kwa sikio, nazungusha, nasikiliza, nazungusha tena, mzee kasimama pembeni ananitazama. Tukaijaribu kwenye kilima cha kwenda Magamba, ikapanda kwa gia ya tatu, mzee anapiga goti lake anacheka. Chini ya ule mlio mzuri kulikuwa na kitu kinagongagonga, kidogo tu, kama kokoto ndani ya kopo. Nilikisikia. Nikaanza kuongea kwa sauti ili yeye asikisikie.

Na kuna hili. Stata ya pikapu ilikufa zamani, wala hakuna aliyejali, kwa sababu huku kwetu gari unaliegesha juu ya mteremko. Asubuhi unaachia breki, linashuka, unaingiza gia, limewaka. Kwa kasi ile injini haikuonyeshi kama moto umewahi. Ingekuonyesha ukiizungusha polepole kwa mkono, kwa hendeli, kile chuma kilichopinda unachokichomeka mbele ya injini. Lakini nani Lushoto anawasha gari kwa hendeli? Ilikuwa nyuma ya kiti, ina kutu. Sikuijaribu.

Mazinde ni tambarare. Wiki iliyofuata mzee alishusha mapeasi yake kule, injini ikamzimikia, na mteremko hakuna. Akatoa hendeli. Waliokuwepo wanasema alivuta mara moja tu, ikarudi nyuma kwa nguvu ikampiga mkono wa kulia, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Wakampandisha kwenye gari lingine mpaka hospitali.

Mimi nikatumwa kuifuata pikapu. Nilifika na jua kali, nikachomeka hendeli, nikavuta kwa vidole tu. Ikarudi kama imepigwa teke, ikaniponyoka, ikanikosa goti. Hapo nikajua. Nikachukua kitambaa, nikafuta puli. Nilikuwa nimeipita alama kwa upana wa kidole kizima.

Ningeweza kupiga simu pale pale. Badala yake nililegeza boliti, nikarudisha distributa mahali pake, nikakaza. Halafu nikachota grisi kwa kidole, nikaipaka tena juu ya ile alama. Nikavuta hendeli, pikapu ikawaka.

Hospitali nilimkuta kalala, mkono una plasta, mama mkwe kakaa pembeni yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Gari imekubali?"

"Imekubali."

"Umeisukuma?"

"Hapana baba, kwa hendeli. Mara moja tu."

Akatazama plasta yake. "Sasa mimi nilifanyaje?"

Ndiyo nafasi hiyo, ndugu yangu! Mlango ulikuwa wazi. Nikamjibu, "Labda ulizungushia dole gumba, baba. Hendeli haishikwi hivyo."

"Mimi? Nimeshika hendeli tangu kijana."

"Ni umri tu, baba."

Mama akadakia, "Si nilisema mimi! Mzee mzima kushindana na chuma! Mikono ya miche hiyo, unaipeleka kwenye mahendeli!"

Mzee akawa anajaribu kukumbuka, namwona kabisa, vidole vya mkono wa kushoto vinashika hewa.

Mama aliuchukua ufunguo wa pikapu, naye hakubisha. Hakuwa mbaya, mama yule. Alimlisha uji kwa mkono wake majuma sita, akamwogesha, akamfunga vifungo vya shati. Ila kila aliyekuja kumpa pole alisimuliwa uzembe wa dole gumba. Kanisani wakasikia, sokoni wakasikia. Mwanzoni mzee alicheka nao.

Plasta ikatolewa, daktari akasema mfupa umeunga vizuri. Vidole vyote vinafanya kazi. Lakini mzee akawa na maswali. Anataka kukata tawi: "Nikate hapa?" Anataka kunyanyua ndoo: "Nishike hivi?" Watu walipokuja na miche yao akawarudisha. "Siku hizi najisahau," aliwaambia, na kubebesha kukaishia hapo.

Neno langu moja lingemrudishia mikono yake. Nililijua hilo kila Jumapili, nikalimeza na makande. Mwanzo niliogopa. Ni mkwe, huyu! Nitaanzia wapi? Na mke wangu je, na wateja je? Baadaye hata woga ukaisha. Nikawa sisikii kitu. Naenda, naamkia, nakula, narudi.

Mwaka jana presha ikamshika mama. Siku mbili kabla hajatutoka aliniita kitandani. "Baba yako usimwachie kushika gari. Wala panga. Atajiumiza, na mimi sipo."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Hivyo tu!

Mwezi uliopita nilimkuta mzee nyuma ya nyumba, kapiga magoti mbele ya mche mmoja. Alikuwa amejaribu. Kijiti kilikuwa kimepachikwa sawasawa, kilichobaki ni kufunga ukanda wa nailoni. Alipouona uso wangu akaona haya, akaninyooshea ule ukanda.

"Nifungie wewe, mwanangu. Mimi nitakosea."

Nikaushika. Sijui kwa nini siku ile na si nyingine. Nikasema, "Baba, siku ya Mazinde ulishika sawa. Moto niliuwahisha mimi." Nikamwambia yote, alama, grisi, kila kitu, kwa sauti kama ya mtu anayesoma tangazo.

Hakupiga kelele. Aliufungua mkono wake wa kulia, akaufunga, akaufungua.

"Kwa hiyo nilishika sawa."

"Ulishika sawa, baba."

"Na mama yenu alijua?"

"Hapana, baba."

Akakaa chini kabisa, kwenye udongo. "Amekwenda anajua nimekuwa mzembe. Amekufa na wasiwasi juu yangu." Akarudia hivyo hivyo mara mbili. Kisha akanyoosha mkono, nikamrudishia ukanda wake. "Nenda nyumbani, mwanangu," akasema.

Nilidhani njiani nitalia. Sikulia. Nilifika nikanawa, nikala.

Binti yake aliambiwa na mzee mwenyewe, si na mimi. Mke wangu aliporudi kutoka kule alisimama mlangoni akasema, akimtaja baba yake kwa Kisambaa, "Tate kakusamehe. Mimi bado." Ananipikia, ananisalimia, basi. Nasikia mzee ameanza tena kupokea miche ya watu, na kwamba mkono wake haujapoteza kitu. Miaka mitatu ulikuwa mzima!

Nyinyi mafundi wenzangu, futeni alama. Ni kitambaa tu! Lakini si hilo linalonifanya niandike. Kukosea kila fundi anakosea. Wewe ambaye sio fundi pia, ukimuumiza mtu, usimwache ajilaumu hata siku moja. Mwambie akiwa bado kitandani, waambie na waliokaa pembeni yake, wote, wakiwa bado wanasikia.

Juzi nilikwenda kwenye kaburi la mama, pale chini ya shamba la mapeasi, nimwambie na yeye. Nikaamkia. Nikasimama kama nusu saa na kofia mkononi. Nikaona naongea peke yangu, nikaondoka.