Kidole Changu Siku ya Ng'ombe wa Mahari

Jambo la kunishangaza mimi lilikuwa halijazaliwa. Nilianza kwa kubeba magunia ya mchele mgongoni pale Kasumulu, darasa la nne sijalimaliza, na leo nanunua kakao ya vijiji vitatu, nina Fuso mbili na nyumba ya bati la msauzi. Nimepigwa na mafuriko, nimepigwa na bei, nimepigwa na watu wa ushuru, na bado nimesimama. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoamka kidole gumba cha mguu wa kulia kinawaka moto, nilimwambia mke wangu ni mbu tu.

"Mbu gani huyo?" akasema. "Kidole kimekuwa kama nyanya."

Shuka likikigusa napiga kelele. Mimi, niliyewahi kukanyaga msumari nikaendelea kupakia mzigo! Na siku yenyewe ndiyo wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe wa mahari ya binti yangu wa kwanza. Kwetu Wanyakyusa siku hiyo ni ya baba. Anatoka uani, anawatazama ng'ombe mmoja mmoja, huyu anampokea, huyu anasema amekonda. Nilikuwa nimeshona suti kwa ajili hiyo. Mguu ukakataa kiatu, ukakataa hata kandambili. Ikabidi asimame mdogo wangu.

Huyu mdogo wangu ni wa tumbo moja nami. Analima mpunga ekari mbili na baiskeli yake haina breki. Lakini watu wanampenda, sijui wanapenda nini. Marehemu mama yetu mpaka anafariki alikuwa akila kwake, na nyama nanunua mimi.

Kitanda changu kiko dirishani, kwa hiyo nilisikia yote.

"Huyu wa mwisho mbona mbavu zinahesabika?" mdogo wangu aliwauliza wakwe. "Mmekuja naye kwa miguu, au mlimbebesha bwana harusi?"

Uani wakaangua kicheko. Mzee wa upande wa pili akajibu, "Huyo atanenepa kwa maneno yako, baba!"

Baba! Baba nimelala ndani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mchele wangu, pombe yangu, binti yangu, vigelegele vyake. Nikaanza kufikiri. Jana yake jioni ni yeye aliyeniletea usipa, dagaa wetu wa ziwani, ndoo nzima kutoka Matema. Tulikula pamoja, tukaongeza maini, tukanywa pombe yetu ya kimpumu mpaka chungu kikakauka. Sahani moja. Yeye mzima, mimi chini. Hapo nikaona kila kitu.

Alipoingia na wakwe wawili kunipa habari, "Pole kaka, ng'ombe sita, wote tumepokea," nikamwambia mbele yao: "Umenitegea uchawi mguuni uchukue nafasi yangu. Wivu utakuua."

"Mimi, kaka?" Basi, akatoka.

Kesho yake asubuhi alikuja na bajaji, akanibeba mgongoni mpaka kwenye kiti. Akanipeleka hospitali, Kyela mjini.

Daktari alikuwa binti mdogo kutoka Tanga. Aliniamkia shikamoo, akapima damu, akasema ni jongo, gauti.

"Nani kanitumia ugonjwa huu?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyekutumia, baba. Ni asidi ya mwili wako mwenyewe. Imezidi, imeganda kwenye kiungo, vipande vyake vina ncha kama sindano."

Akachora nyuma ya boksi la dawa. Askari wa mwili wanameza zile sindano wakidhani ni adui. Ndani ya askari kuna vipande vya mashine vimetawanyika, vimekaa kimya. Sindano ikiingia vinakusanyika, vinashikamana, vinakuwa king'ora. Akanitajia na jina, inflamasomu, nikamwambia alirudie mara tatu. King'ora hicho kinatoa ujumbe kwenye damu, askari wengine wanakuja mbio kwa maelfu, na ni wao wanaoichoma nyumba. Alisema king'ora hichohicho kinalia pia kwa wenye kisukari na magonjwa ya moyo, polepole, bila mtu kusikia. Vidonge alivyonipa ni vya kukinyamazisha.

"Mbona mdogo wangu kala hivyohivyo?"

Daktari akamtazama mdogo wangu aliyesimama mlangoni. "Pengine figo zake zinaitoa vizuri. Wengine wamezaliwa hivyo."

Hata figo kanishinda.

Siku ya tatu kidole kikapoa. Mdogo wangu akawa hakanyagi kwangu. Binti yangu akasema baba mdogo asipokuwepo, harusi hakuna. Nikaita wazee wa ukoo. Kwetu ukimtaja ndugu kwa uchawi bila sababu, unatoa ng'ombe, na kabla hajachinjwa unachukua maji mdomoni, unayapuliza chini, unasema kilichokuwa moyoni mbele ya wote. Usiposema, ndugu yako halazimiki hata kukuzika. Wa mahari sikuwagusa, nilinunua mwingine.

Nikapuliza maji. Nikasema maumivu yalinichanganya.

"Hayo ni ya mguu," mzee mmoja akasema. "Tunataka ya moyo. Mpeni maji tena."

Nikapuliza mara ya pili. Maneno yalikuwa mazito kuliko gunia lolote la Kasumulu. "Aliwachekesha vizuri," nikasema. "Walimwita baba. Mwenye wivu ni mimi. Tangu mama yuko hai, ni mimi."

Mdogo wangu akaja kunishika mkono. "Ndaga, asante, kaka. Kama shida ni figo, tubadilishane. Nipe Fuso moja."

Wakacheka tena, kwake tena. Safari hii nami nilicheka, ingawa si sana.

Harusi ilifanyika na yeye ndiye aliyemshika binti mkono. Siku ile ya wazee, nyama ilipoiva, mke wangu aliniletea ndizi tupu, maana daktari alikataza nyama na pombe mpaka nipimwe tena. Fungu langu alikula mdogo wangu, na ini lote, akilamba vidole mbele yangu. Ng'ombe, bajaji, vipimo na vidonge: shilingi laki tisa, thelathini na nane elfu na mia tano.