Mgeni wa Sikukuu Pili

Mtu akiniambia kuwa Ramadhani ni mwezi wa kupumzika, huvitazama vidole vyake. Huyo hajapata kushona kofia.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimepanga chumba ghorofani, Mji Mkongwe, kwenye kichochoro chembamba hata ungeweza kumpa jirani chumvi dirisha kwa dirisha. Kazi yangu ilikuwa kofia nyeupe za mkono, zile za vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka vikawa maua. Kila mwanamume hutaka kofia mpya ya kuswalia Idi, na kila mwanamume hukumbuka kwamba ana kichwa pale linapoingia kumi la mwisho. Mwenye duka wa Mlandege akinipelekea kazi, mimi nikiteremsha kikapu kwa kamba dirishani, kikapanda na vitambaa, kikashuka na kofia. Zilikuwapo siku ambazo kikapu kilishuka barabarani mara nyingi na mimi sikushuka hata mara moja.

Nilikuwa mtalaka. Watu wakisema nimeachwa, lakini kweli ni kwamba niliidai talaka yangu nikapewa. Mume alikuwa mtoto wa ndugu yake baba, na baba alikuwa mchoma chokaa wa Uroa, mtu mwenye maneno machache na kila moja zito. Alitaka nirudi shamba nikae kwake. Nikamwambia nitabaki mjini, nina sindano yangu. Alikuja kuniona mara moja tu. Alisimama mlangoni bila ya kuvua viatu, akatazama kuta zilizobambuka na jiko la mkaa pembeni.

"Hichi chumba," akasema. "Si nyumba."

Akateremka ngazi, na mwaka ukapita bila ya yeye kuzipanda tena. Alipokuwa akinilea alikuwa akiniambia nina hasira za mkizi, samaki anayejirusha mwenyewe chomboni kwa mvuvi. Hakupata kusema mkizi huyo kamrithi nani.

Basi mwezi wa Shaabani utingo wa gari ya Chwaka akapaza sauti chini ya dirisha langu: "Baba yako anakusalimu. Kasema sikukuu mosi atakuja kula kwako."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Sikuwa na wa kumweleza maana ya maneno yale. Baba hakuwa mtu wa kuomba radhi wala wa kusema amekusamehe. Kwake yeye mtu akila chakula chako yamekwisha, na asipokula hayajesha. Asingetuma salamu ile kwa ajili ya wali.

Tangu siku hiyo nikajitwisha Idi nzima peke yangu. Nyumba nyengine hazifanyi hivyo. Nyumba nyengine huwa na mama wa kukoroga, dada wa kupepeta, shangazi wa kukaa kitako na kutoa makosa. Mimi mchana nilishona za watu, alasiri nilipika, na baada ya daku nilishona ya baba, maana sikutaka iguswe na mkono uliochoka. Kipimo cha kichwa chake nilikitoa moyoni. Nilikuwa nikimnyoa nilipokuwa msichana.

Mzinga wa magharibi ukilia, kichochoro kizima kilijaa sauti za vijiko na watu wakiambiana "karibu, sogea". Mimi nilifuturu kwa tende na maji, nimesimama, kisha nikarudi kwenye uzi. Bi Mkubwa wa dirisha la pili, mjane mtu mzima, akinipa sahani ya kaimati au ya mihogo ya nazi. Nilishukuru, na papo hapo nikachoka, kwa sababu sahani ya jirani hairudi tupu. Ikinibidi nipike cha kuirudishia. Wema wa watu nao una kazi yake.

Upweke ule niuseme vipi? Nilikuwa nikisoma Bismillahi kwa sauti ili nisikie mtu anazungumza chumbani.

Siku ya ishirini na tisa mwezi ulionekana mjini, mwembamba, juu ya bahari, na mara mzinga ukalia na watoto wakapiga kelele njia nzima. Nilikuwa tayari. Kofia ya baba ilikuwa imefuliwa, imetiwa wanga na kuvikwa bakuli ili ishike umbo. Alfajiri nilipika tambi za sukari, nikamimina mkate, nikampaka kuku tui. Kuta tu ndizo zilizonishinda. Watu walikuwa wamepaka chokaa kwa ajili ya Idi, nyumba zinang'aa, na mimi binti wa mchoma chokaa kuta zangu zilikuwa na masizi.

Nikatia udi, nikavaa, nikakaa dirishani.

Watu walitoka kuswali. Watoto walipita na nguo zao mpya wakidai mkono wa Idi, nikawateremshia visheti kwa kikapu. Gari za shamba zilizoea kufika asubuhi. Adhuhuri ikaadhiniwa, hajafika. Nikalifunika sinia kwa kawa, nikalifunua, nikalifunika tena. Kila kikohozi cha mwanamume ngazini nilikitambua kuwa si chake, na hata hivyo nilisimama.

Alasiri Bi Mkubwa akaniita.

"Naam, Bi."

"Wewe umefunga leo?"

"Sijafunga."

"Umekula nini?"

Tangu futari ya jana sikuwa nimetia kitu kinywani, na wala sikuhisi njaa.

"Kufunga siku ya Idi haramu, mwanangu," akasema. "Kula kwanza. Ukishashiba utaendelea kununa, mimi sikukatazi."

Nilicheka, kisha kicheko kikanigeukia kikawa kilio, na nikarudi ndani asinione. Nikatandika mkeka. Nikanawa mikono kama ninayemnawisha mgeni. Nikaliweka sinia la baba mbele yangu na nikala, paja la kuku nililomwekea na yote, huku machozi yakinitoka na huku, Mungu anisamehe, nikiona kuwa kuku ameiva vizuri. Kilichobaki nikawapa majirani. Nilijiambia: yamekwisha, huyu mzee hanitaki, na mimi sitamngoja tena katika maisha yangu. Mkizi huyo, kajirusha chomboni.

Bi Mkubwa hakuwa amemaliza nami. "Kesho tunakwenda mandari Chukwani na wajukuu," akasema. "Nawe unakwenda."

"Bi, mimi nimechoka."

"Ndiyo nnakwambia unakwenda."

Sikukuu pili, asubuhi, tukapanda gari na masufuria na mikeka. Nilifunga mlango wangu na sikutazama nyuma. Chukwani niliingia baharini na kanga zangu mpaka shingoni, nikatoka, nikalala chini ya mvinje. Nilidhani nalala kidogo. Walinifunika kanga kavu, wakaondoa inzi usoni kwangu, wakala, wakaimba, wakaswali, na mimi sijui. Nilipoamka vidole vyangu, ambavyo kwa mwezi mzima vilikuwa vimepinda kana kwamba bado vimeshika sindano, vilikuwa vimenyooka. Bi Mkubwa alikuwa ameniwekea wali. Nikala mbele ya watu. Usingizi ule mpaka leo siujutii, na nimeulizwa.

Tulirudi jua limepungua. Chini ya nyumba yetu alikuwa akikaa mzee muuza mkaa, naye alikuwa kwenye baraza akiningojea. Nilimwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Baba yako alikuja."

Nikamwambia baba yangu alikuwa aje jana.

"Jana kwao walikuwa wamefunga," akasema. "Uroa mwezi hawakuuona, mawingu na minazi. Habari zimewafika jana alasiri, ndo wakafungua. Idi wameiswali leo. Kaswali, katoka mbio kwenda kushika gari Chwaka. Alifika hapa adhuhuri."

Nikayatua masufuria chini.

"Kakaa hapa hapa, mpaka baada ya alasiri, akaondoka na gari yake. Nikamwambia, mzee, ingia ule, hata kidogo, leo sikukuu. Kakataa. Kasema, 'Nshaalikwa kwa mwanangu.' Kahawa nayo hakunywa."

Bi Mkubwa alikuwa nyuma yangu na mwavuli wake. Dirisha langu lilikuwa juu, limefungwa. Mtu mwenye njaa alikuwa amekaa chini yake akilitazama, anakataa vyakula vya watu kwa ajili ya sinia ambalo nilikuwa nimeshalila.

"Kuna mzigo wako," muuza mkaa akasema. "Kaufunga mwenyewe kwenye kamba ya kikapu chako, ile uliyoiacha ikining'inia."

Nilikwenda juu, nikafungua dirisha, nikaivuta kamba. Haikuja. Nilivuta kwa mikono miwili, nikaweka mguu ukutani, haikuja, na muuza mkaa akapiga kelele nitaikata. Ikabidi niteremke tukauingize mzigo ndani sote wawili, ngazi kwa ngazi. Lilikuwa gunia la chokaa, nyeupe, iliyochekechwa vizuri, chokaa ambayo baba akiwachagulia watu wa majumba makubwa. Juu yake palikuwa na brashi mpya ya kumbi la nazi. Mtu hapeleki chokaa kwenye chumba. Chokaa hupelekwa kwenye nyumba.

Alikuwa ameibeba kwa miguu kutoka Uroa mpaka Chwaka, na kanzu yake ya Idi mwilini.

Nilikaa chini, nikalia kwa sauti. Chumba kilikuwa kile kile na ukimya ule ule, ila safari hii nilijua kuwa kuna mwengine, ng'ambo ya kisiwa, aliyekuwa akirudi nyumbani na njaa yake akidhani kuwa mimi ndiye nisiyemtaka. Tulikuwa wapweke wawili na mwezi mmoja, na kila mmoja kauona kwa siku yake.

Sikukuu tatu niliamka alfajiri. Niliroweka chokaa na kupaka ukuta mmoja, ule unaotazamana na mlango, kisha nikapika tena: kuku, mkate wa kumimina, vyote. Wenzangu walipokuwa wakijipamba kwenda Mnazi Mmoja kwenye mabembea, mimi nilipanda gari ya Chwaka na sinia limefungwa kwa shuka mapajani na kofia juu yake. Kutoka hapo nikafuata pwani kwa miguu.

Nilimkuta mlangoni kwake amekaa kwenye kigoda, peke yake. Nilimwamkia, akaitikia. Hakuniuliza jana nilikuwa wapi. Alitazama mikono yangu kwanza, chokaa iliyoganda kwenye kucha.

"Imeshika?" akauliza.

"Imeshika, baba."

"Ukuta wa pili utie maji zaidi. Ule wa dirishani unakunywa."

Kumbe siku ile moja aliyosimama mlangoni bila ya kuvua viatu, alikuwa akizikagua kuta.

Nikamfungulia sinia. Chakula kilikuwa kimepoa, kuku ameganda mafuta. Akanawa, akasoma Bismillahi, akala, na alipofika kwenye paja alilikata katikati akanisogezea nusu. Nilikula huku nikitazama chini.

Alipomaliza nikampa kofia. Aliigeuza, akaipitisha ncha ya kidole kwenye vitobo kimoja kimoja, kisha akaivaa. Ikamteremka mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimeishonea kichwa cha mtu niliyemnyoa zamani, mwenye nywele nzito, na huyu aliyekuwa mbele yangu alikuwa mzee, nywele zimempukutika na mimi sikuwapo.

Nikanyoosha mkono niichukue. "Nipe, nitaifumua niipunguze."

Akaishika kwa mikono miwili.

"Iache," akasema. "Nitafuga nywele."