Shati Jekundu Mtoni

Honora Tierney alikuwa mwanamke wa nyekundu. Kwenye meza ile ndefu ya kupaka rangi picha za kuchapwa, huko New York, kila mwanamke alikuwa na rangi yake moja. Ukishapaka yako, unaisukuma karatasi kwa jirani, macho kwenye picha ya mfano iliyosimamishwa katikati. Miaka nenda miaka rudi Honora alipaka mashavu ya watoto na maghala ya mashambani. Kuta za watu zilipendeza kwa nyekundu yake. Ukuta wake mwenyewe ulikuwa mtupu.

Jumatatu hiyo msimamizi, Bwana Pruitt, aliingia na picha mpya. "Meli ya Clarion imeungua juzi mtoni. Picha hii kesho iwe madukani, kabla watu hawajafuta machozi. Bibi Tierney, moto wote wako, usiubanie!"

Honora akaiweka brashi chini. Mumewe, Malachy, alikuwa mchochea makaa kwenye Clarion, na tangu juzi hajulikani alipo. Akiinuka, mlangoni kuna wanawake wanaokimezea mate kiti chake. Akikaa, atamchoma mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Akakaa.

Karibu na mashua ya waokoaji palichorwa mtu akiogelea. Kwenye mfano hakuwa na rangi. Malachy alipenda kuvaa shati jekundu. Honora akampaka.

"We dada, unatafuta balaa?" akanong'ona Gesine, mwanamke wa bluu. "Hilo halimo kwenye mfano."

"Pitisha tu. Usimfunike na maji yako, nakuomba."

Gesine akamtazama, akaelewa, akayapitisha maji pembeni.

Mwisho wa meza Pruitt akaikodolea macho ile karatasi. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kumbe una akili, mama! Mnunuzi atabaki anajiuliza, atafika, hatafika? Zote zifanywe hivi." Akaiweka katikati, ikawa ndiyo mfano.

Alasiri akaja mchochea makaa aliyefanya kazi na Malachy, mikono imefungwa vitambaa.

"Shemeji, tumempata." Akavua kofia. "Pole, shemeji."

Honora alilia mpaka brashi zote zikasimama. Pruitt naye alisema pole, na ya kweli. "Ila kesho uje, Bibi Tierney. Picha itagombaniwa."

Kesho yake alikuwa kitini. Malachy alikuwa majini, mkono ameunyoosha, mashua haijamfikia bado, umebaki upana wa ukucha tu. Honora akamvisha shati, akamsukuma kwa Gesine, na hapohapo akaletewa Malachy mwingine.