Bei Imeshuka Duniani, Imepanda Mezani kwa Sonara

Saa mbili na robo asubuhi. Kabla hajavaa aproni, kabla hata hajafungua dirisha, Bi Sonara anasoma namba mbili kwenye simu yake na kuziandika kwa chaki pembeni mwa meza ya kazi: 940, kisha 140. Anazitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyetaka kuaga. Halafu anaguna.

"Platinamu imeshuka tena," anasema. "Na mimi ndiyo nazidi kuumia."

Chumba chake kina upana wa hatua nne. Chini ya meza imening'inizwa ngozi ya kudaka vumbi la tupa, maana katika kazi hii hata kinachodondoka kina bei. Ana miaka hamsini na mitatu, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza akiwa ameinama hapa. Akitaka kusimama, hushika meza kwanza.

Mwandishi wa makala haya alikiri kwamba haelewi. Kitu kikishuka bei, si ndiyo nafuu ya anayenunua? Bi Sonara alicheka kwa uchovu.

"Hata mume wangu kaniuliza hivyo hivyo. Keti, shule ni bure."

Somo lenyewe ni hili. Platinamu huuzwa duniani kwa dola, na bei yake hutajwa kwa aunsi. Aunsi hiyo si ile ya vipimo vya jikoni. Ni nzito kidogo kuliko hiyo, gramu thelathini na moja nukta moja. Ukigawa bei kwa gramu hizo, unapata dola kwa gramu moja. Hapo bado hujafika. Unazidisha kwa thamani ya dola katika fedha ya hapa, ndipo unaijua bei atakayokutajia muuzaji wa madini, kabla hajaongeza faida yake.

"Watu wanaangalia namba ya kwanza tu," anasema. "Na mimi, na uzee wote huu, niliangalia namba ya kwanza tu."

Kosa lilianza wiki sita zilizopita. Wachumba wawili, muuguzi na mwoka mikate, waliagiza pete mbili za ndoa. Ngozi ya muuguzi haipatani na madini ya kuchanganya. Pete ya uchumba ilimtoa vipele ndani ya wiki moja, na mwoka mikate akaanza kutaniwa kwamba kamvisha binti wa watu upupu. Wakashauriwa platinamu. Pete zote mbili zingekula gramu kumi na mbili.

Siku ile aunsi ilikuwa dola 980, na dola moja ilikuwa 120 za hapa. Gramu moja ikatoka 3,781. Bi Sonara akaweka ujira wake, 6,000 kwa pete zote mbili, akaandika jumla kwenye bahasha ndogo ya kaki na kupokea nusu ya malipo. Karakana hii ina sheria aliyoirithi kwa baba yake: kilichoandikwa kwenye bahasha hakifutwi.

Hakununua madini siku hiyo. Aliona bei ya dunia inashuka, akasema ngoja ishuke zaidi.

"Subira yavuta heri, si ndivyo tulivyofundishwa? Basi mimi ikanivutia hasara."

Bei ilishuka kweli, hadi 940. Lakini fedha ya hapa ilikuwa inaporomoka kwa kasi zaidi, na dola moja ikafika 140. Piga hesabu: gramu ile ile sasa ni zaidi ya 4,230. Kwa gramu kumi na mbili, pengo ni kama 5,400. Katika ujira wa 6,000, anabakiwa na 600, na gesi ya kuyeyushia bado hajanunua. Platinamu hudai moto mkali kuliko dhahabu.

Leo ni Jumatano na harusi ni Jumamosi. Hawezi kungoja tena.

Sonara wa jirani alimpa ushauri mlangoni, kwa sauti ya chini. "Dada, zifanye nyembamba. Punguza gramu moja na nusu. Nani atapima?"

"Mzani wangu," alimjibu.

Mumewe, fundi viatu, alikuwa na ushauri mwingine: wachumba waambiwe ukweli, waongeze. Alipokataliwa akauliza kama watoto watapikiwa bahasha. Bi Sonara anasimulia hayo bila hasira. Anasema mumewe ana haki ya kusema, kwani hata ada ya kifungua mimba wao ilikuwa itoke kwenye kazi hii. Kisha anavua miwani na kufuta macho.

Alasiri hiyo alinunua madini.

Ijumaa saa tisa pete ziko tayari, zinang'aa juu ya kitambaa. Bi Sonara anaueleza mpango wake huku akisugua kiganja kilichokufa ganzi: kuanzia sasa, malipo ya awali yakiingia mkononi, anakwenda kununua madini siku hiyo hiyo, kabla ya chai. "Namba zote mbili nizifunge siku moja. Zikicheza baadaye, zicheze huko huko."

Muuguzi anaingia akiwa na sare yake ya kazi. Anajaribu pete, anaizungusha, anaivua, anaivaa tena. Anatoa pesa iliyobaki, anashukuru na kutoka haraka kuliko kawaida. Bi Sonara anahesabu. Kuna 5,400 za ziada.

"Ah! Huyu mzee kanisemea," anasema, akimaanisha mumewe.

Anashika meza, anainuka, anatoka na aproni yake hadi kwenye ngazi. "Mwanangu! Hebu rudi."

Muuguzi anageuka. "Shangazi, chukua tu, tafadhali. Si nimekuharibia mwezi mzima? Nawe umechoka."

Bi Sonara anamfumbatisha pesa ile mkononi na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Nimechoka, mwanangu," anasema. "Lakini sijachoka kiasi hicho."